Mkalimani wa Mama

Wifi yangu mpenzi,

Salamu zikufikie wewe kwanza, kisha ziwazungukie wote nyumbani mpaka yule paka wako mwizi. Magoti yanaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia ukipanda ngazi yanalia kama mlango usiotiwa mafuta, nikacheka peke yangu kazini mpaka msimamizi akanigeukia. Na mapacha, wamemaliza mitihani? Sisi huku miili ni mizima. Kaka yako anaamka, anakwenda ghalani kwake, anarudi. Chiriku ametimiza miaka minane na jina la utani halijamwacha. Anaongea hata akipiga mswaki. Afya tunayo. Raha ndiyo imetutoka, na nimekaa hapa kukueleza ilivyotoka.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu ningeanza kulia, wewe ungenibembeleza, na nikishabembelezwa nisingesema tena. Kwa hiyo nimeandika, na barua hii anakuletea mwenzangu wa kazini anayesafiri keshokutwa, ili imtangulie Mama kufika. Tafadhali keti. Usiisome huku sufuria iko motoni, na usimpe mtu mpaka uifikishe mwisho.

Kaka yako alikupigia akakwambia Mama amepata ugonjwa wa kusahau, kwamba madaktari wa huku wamempima na karatasi ipo, na kwamba anarudishwa nyumbani kabla hali haijawa mbaya. Ulilia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nikakisikia kilio chako chote, tangu mwanzo hadi ulipokata simu. Sikusema neno. Sasa nisikilize.

Unakumbuka Mama alikuja kwa sababu yangu. Pale kwenye sehemu ya kufulia ya hoteli ninapofanya kazi walinibadilishia zamu, nikawa natoka saa kumi na mbili jioni, na Chiriku hakuwa na wa kumpokea akitoka shule. Nilifurahi sana kuja kwake, Mungu ni shahidi. Wiki ya kwanza nilikuwa narudi nakuta nguo zimekunjwa, mtoto ameoga, na mtu wa kuniambia pole. Huku, wifi, unaweza kurudi umechoka mwaka mzima na usiambiwe pole hata mara moja.

Lakini Mama ni Mama. Tunakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo la watu wengi, na watu hao wakiingia kwenye lifti wanatazama zile namba zinazowaka juu ya mlango kana kwamba wameandikiwa mtihani pale. Mama akiingia anasalimia. Kimya. Anasalimia tena, akidhani hawakusikia. Tukishuka ananiuliza hawa wamegombana na nani. Mzee jirani yetu alibishiwa hodi asubuhi moja ili aulizwe ameamkaje. Akafungua mlango huku mnyororo umefungwa, akasema hanunui kitu. Nilipomweleza Mama kwamba huku mtu akitaka kumtembelea mwenzake hupiga simu kwanza, alicheka akajifuta machozi. Akaniuliza, je, na mtu akitaka kufa, naye anapiga simu kwanza?

Chiriku akamfundisha neno moja la salamu la huku, na Mama akalitumia hilo hilo asubuhi, mchana na jioni, mpaka watu wakaanza kuitikia. Yule mzee wa mnyororo akawa anamsubiri kwenye ngazi. Kila mtu alikuwa anamzoea. Aliyekuwa anaona haya ni mimi, mkwe wake. Nilikuwa nikiisikia sauti yake chini kwenye mlango mkubwa, naingiza kichwa ndani ya kabati nijifanye natafuta kitu.

Kilichokuwa kinanitia hofu hasa ni watoto. Wewe unajua Mama amefanya kazi ya ukunga miaka thelathini na tisa. Mtoto akilia mbele yake mikono yake inatangulia kabla ya akili. Nilimwonya. Nilimwambia Mama, huku mtoto wa mtu haguswi, mtoto ni wa mama yake tu. Akanijibu, "Basi huyo mama ana kazi."

Sasa nikuambie na jambo la vibali. Vibali vyetu vya kuishi vilikuwa vinakwisha, na maombi ya kuviongezea muda yalikuwa mezani kwa wakubwa. Katika fomu kuna swali linalouliza kama mtu yeyote wa nyumba hii amewahi kuhojiwa na polisi. Kaka yako aliweka alama ya hapana kwa furaha, nikamwona anaibonyeza ile kalamu. Miaka tisa tumekaa huku tukitembea kama watu wanaopita juu ya mayai, ili ile alama ya hapana iwe ya kweli.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, siku yangu ya mapumziko. Kama saa nne asubuhi Mama alishuka kutupa takataka. Mimi nilikuwa napiga pasi sare ya Chiriku. Nikasikia mwanamke anapiga ukelele kule chini, na ukelele ule ukapanda ngazi ghorofa kwa ghorofa mpaka ukaingia kwangu. Nilishuka bila viatu.

Chini, karibu na masanduku ya barua, kuna benchi la mbao, na pembeni yake ni mlango wa chumba cha mashine za kufulia. Kigari cha mtoto kilikuwa hapo, kitupu. Mtoto wa jirani wa ghorofa ya nne, kichanga wa miezi mitatu, alikuwa amelazwa kwenye benchi juu ya mtandio wa Mama, nepi imefunguliwa, analia kilio kile kikavu kisicho na pumzi. Mama ameinama, vidole viwili viko kinenani mwa mtoto. Na mama mtu amesimama mlangoni, mikono imejaa unga wa sabuni. Alikuwa ameingia dakika tatu tu kupakia nguo.

Alimrukia mtoto akamkwapua. Mama hakushtuka wala hakurudi nyuma. Alikuwa anaongea naye kwa Kiswahili, polepole, kwa ile sauti ya mkunga inayoamrisha bila kugomba, huku akimwonyesha kwa mkono, hapa, hapa. Yule dada haelewi kitu. Anachokiona ni bibi mgeni aliyemvua mtoto wake nguo. Watu wawili wakatoka kwenye lifti. Mmoja alikuwa ameshatoa simu.

Askari walifika kabla sijapata pumzi, mmoja mwanamume, mmoja mwanamke. Mwanamume akapanda na jirani, mwanamke akaja kwetu. Akakaa kwenye kiti cha kaka yako, akafungua daftari, akauliza kama tunahitaji mkalimani aitwe. Nikasema hakuna haja, nipo mimi. Akamwuliza Mama alikuwa anafanya nini na yule mtoto.

Mama alijibu kwa kirefu. Alisema, akaonyesha mwilini mwake mwenyewe, akarudia, akanigusa goti nifanye haraka. Mimi nikatafsiri kwa ufupi. Askari akaandika, uso wake ukalegea, akamtazama Mama kwa huruma kama mtu anavyomtazama ndege aliyevunjika bawa. Akaniambia ameelewa, hili halitakuwa kesi, atapeleka taarifa kwenye ofisi inayoshughulikia wazee ili waje wamwone. Alipoondoka alimpa Mama mkono.

Alichosema Mama na nilichosema mimi nitakuandikia. Nivumilie kidogo, bado sijafika.

Siku ile haikutaka kuisha. Juu yetu tulikuwa tunasikia mtoto analia, anapumzika, analia tena. Mama hakukaa. Kila mtoto akilia aliinua uso kutazama dari, kisha akanitazama mimi. Mchana akafungua mlango apande. Nikamshika mkono nikamwambia akipanda watatufukuza nchi. Sijawahi kumshika Mama vile, wifi. Nilimwachia alama.

Saa kumi na mbili jioni gari la wagonjwa likaja. Mama alikuwa dirishani. Akamwona jirani anatoka mbio na mtoto kifuani, taa za gari zinazunguka ukutani kwetu, nyekundu, nyekundu. Mama akashusha pumzi, akaniambia, "Wamechelewa, lakini afadhali wamesikia."

Mimi niliendelea kukunja nguo.

Mtoto alipasuliwa usiku ule, akapona. Tulikuja kusikia kwa yule mzee wa mnyororo. Nikamshukuru Mungu, nikajiambia basi, yamepita.

Baada ya siku kumi akaja mtaalamu wa wazee, mama mmoja mpole mwenye miwani inayoning'inia kwenye kamba. Kaka yako nilimwambia askari ndiye aliyemwagiza, na Mama tukamwambia ni ukaguzi wa afya kwa ajili ya viza. Mkalimani safari hii aliletwa na wao, kwa simu: binti, sauti tu, amewekwa mezani kwenye spika. Kiswahili chake kilinyooka kama rula. Ungesikia mara moja kwamba alikulia huku na kukisomea kitabuni. Mama aliulizwa jina la mtaa huu. Akasema ni mtaa wa shule ya Chiriku. Aliulizwa mkuu wa nchi hii ni nani. Akasema, "Simjui, na yeye pia hanijui mimi." Akaambiwa ahesabu kutoka mia kwa kurudi nyuma, saba saba. Akauliza tunakimbia nini. Mimi nilikuwa kwenye kochi, mikono katikati ya magoti. Mwishoni akapewa karatasi na kalamu achore saa. Akachora. Mtaalamu akaitazama ile saa kwa muda, akaandika kitu pembeni.

Karatasi ilikuja kwa posta. Alama kumi na sita kati ya thelathini. Kaka yako aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akaenda akakaa karibu na Mama kwenye kitanda chake, akamshika mkono na kuanza kulia kama mtoto. Mama akawa anampapasa kichwa, anamwuliza nani amekufa. Siku ile ile akakupigia simu. Ya pili yake akatafuta tiketi.

Sasa jirani. Wiki iliyopita, Jumamosi asubuhi, alibisha hodi. Alibisha, wifi, hakupiga simu. Amembeba mtoto, mtoto amenona, anatazama taa. Akaingia akapita hadi kwa Mama, akamweka mtoto mapajani pake. Mama akamgeuza, akamnusa kichwa kama anavyonusa wote. Chiriku akaja akakaa sakafuni karibu nao.

Jirani akaniambia kwa lugha ya huku kwamba kuna swali limemnyima usingizi. Daktari aliyempasua mtoto alimwambia utumbo ulikuwa umeshuka na kunaswa, na kwamba wangekawia saa chache wangeukata, au wangemkosa kabisa. Alimwuliza kama hakuona uvimbe mapema. Yeye alidhani ni kuvimbiwa kwa kawaida. Ni mtoto wake wa kwanza, hana mama wala dada karibu. Sasa kila akifumba macho anamwona Mama kwenye benchi anaonyesha kwa mkono, hapa, hapa. Anataka kujua: bibi alikuwa anasema nini siku ile?

Nikamgeukia Mama nikamwuliza. Mama hakuinua macho kutoka kwa mtoto. Akasema, "Nilisema siku ile ile. Nilikwambia wewe, mbele ya askari. Kwani hukuwaambia?"

Basi tumefika.

Siku ile, kwenye kiti cha kaka yako, Mama aliniambia maneno haya, nayaandika kama yalivyo kwa sababu nimekuwa nikiyasikia kila siku tangu wakati ule: "Mwambie huyu mtoto ana ngiri, imeshuka na imekaza. Uvimbe ni mgumu kama kokwa na haurudi ukibonyezwa. Asinyonyeshwe, apelekwe hospitali sasa hivi, si jioni, si kesho. Mwambie mimi ni mkunga, najua ninachosema."

Na mimi nilimwambia askari hivi: anaomba radhi sana, umri umemwenda, siku hizi akili zinampotea, alidhani ni mjukuu wake amejikojolea.

Yalinitoka kama mate. Sikuyapanga, naapa, lakini nisikudanganye tena: neno la kwanza tu nilipoliona limemlegeza yule askari, la pili nililitafuta mwenyewe. Niliona ile fomu yetu, ile alama ya hapana. Nikaona kikongwe asiye na akili hafunguliwi jalada, lakini mwanamke mwenye akili timamu aliyemvua mtoto wa mtu nguo atafunguliwa. Na nilipokwisha kumtoa akili, yale ya ngiri nisingeweza tena kuyasema. Mwendawazimu hatoi maelezo ya hospitali. Nikajipa moyo kwamba mama mtu atabadilisha nepi, ataona mwenyewe. Saa nane nzima nilikaa chini ya kile kilio nikijipa moyo huo huo. Ngazi kumi na sita zilikuwa zinanitenganisha na mlango wake, nami nilikuwa nakunja mashati.

Na kuna la pili. Ile saa. Mtaalamu aliomba Mama achore saa, mishale ionyeshe kile ambacho mimi na wewe tunaita saa tano na dakika kumi. Yule binti wa kwenye simu akatafsiri namba kama alivyozisikia, akamwambia Mama achore saa kumi na moja na dakika kumi. Na Mama akachora saa kumi na moja na dakika kumi, kama ambavyo wewe ungeichora, na mapacha wangeichora: mshale mfupi kwenye tano umesogea kidogo, mrefu kwenye mbili. Duara safi, mkono hautetemeki. Mtaalamu akaona kichwa kilichovurugika. Chumba kizima kile mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba ile saa ni sahihi. Akanigeukia akaniuliza kama nyumbani pia huwa anachanganya nyakati. Nikamjibu kwamba ndiyo, siku hizi.

Kwa hiyo Mama si mgonjwa, wifi. Hajawahi kuwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyemtia ugonjwa kwa mdomo wangu.

Ile Jumamosi jirani alikuwa bado amesimama anasubiri jibu. Ningependa kukuambia kwamba nilisema kweli kwa sababu moyo ulinisuta. Moyo ulikuwa umenisuta wiki tatu na nilikuwa nakula na kunywa. Chiriku alikuwa pale sakafuni, wifi, na Chiriku anajua lugha zote mbili kuliko sisi sote. Alikuwa ameshageuza uso, ananitazama mdomoni. Sijui ningesema nini kama asingekuwepo, na sitaki kujua.

Nikamwambia jirani kwamba bibi alisema yote, neno kwa neno, na mimi ndiye sikuyafikisha. Nikamtafsiria maneno ya Mama, safari hii kamili.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nilikuwa nyumbani mchana ule wote. Nikasema nilikuwepo. Kama nilimsikia mtoto. Nikasema nilimsikia. Akaenda akamchukua mwanawe mapajani kwa Mama, kwa upole, akainama akaweka shavu lake kwenye mkono wa Mama, kisha akapita mbele yangu kama anavyopita mtu mbele ya meza. Tangu hapo hatujasemezana.

Chiriku ndiye aliyemweleza bibi yake kilichosemwa. Nilikuwa nimepiga magoti, namsikia mwanangu anataja uongo wangu mmoja mmoja kwa ile sauti yake ya ndege. Nilimwomba Mama msamaha. Hakunisukuma, hakunitukana, natamani angenitukana. Alisema, "Ungeniambia ulisema mimi ni mwizi ningekuelewa, mwizi anaogopwa. Wewe umenitia wazimu nikiwa macho. Mwanangu amenililia nikiwa hai namtazama, na wewe upo."

Kaka yako aliporudi nikamwambia mimi mwenyewe, kabla hajavua koti. Hakupandisha sauti. Aliniuliza jambo moja tu, kama yeye pia siku moja nitamtafsiri hivyo. Tangu siku hiyo anazungumza na mimi kwa kupitia mtoto. Mwambie mama yako chumvi imezidi. Mwambie mama yako nitachelewa. Chiriku anatembea na ujumbe kati ya viti viwili vilivyo karibu kiasi cha kugusana, na safari hizo ndizo zimemfundisha kunyamaza kidogo.

Jumatatu nilikwenda kituoni. Nilimtafuta yule askari wa kike nikamwambia nimekuja kubadilisha maelezo. Aliyaandika upya yote. Huruma ilikuwa imemwondoka. Akaniambia kumtafsiria polisi uongo ni kosa lenye kifungu chake, na jalada langu sasa linakwenda kwenye meza nyingine; nisubiri barua. Kuhusu vibali hakusema kitu na sikuthubutu kuuliza. Kila asubuhi nasikia kifuniko cha sanduku la barua kule chini kinalia, nashuka kuangalia. Pengine tutarudi sote, wifi. Pengine nitarudi mimi. Sijui, na nimeacha kubahatisha.

Ofisi ya wazee walikubali kumpima Mama tena kwa mkalimani mwingine. Mama amekataa. Amesema hahitaji cheti cha akili kutoka kwa watu wasiojua saa tano ni ipi. Anarudi nyumbani Alhamisi ijayo kama ilivyopangwa, lakini anasema anarudi kwa sababu ametaka, na nimeambiwa nisiandike vinginevyo.

Kwa hiyo ushahidi pekee ulio nao kwamba mama yako ni mzima ni barua hii. Juzi ulimwambia kaka yako, naye akaniachia mimi nikujibu, kwamba mmeliondoa jiko chumbani kwake asije akaunguza nyumba, kwamba umepata binti wa kumchunga, na kwamba wajawazito waliozoea kuja kwake mmewaelekeza kwingine. Rudisheni jiko. Mwambie binti asije. Na wale wajawazito wafuate mmoja mmoja, kwa sababu uvumi wa wazimu ukishaingia mtaani hautoki kwa tangazo. Wakusanye ndugu wote, wakubwa na wadogo, uwasomee barua hii kwa sauti. Usiruke hata mstari. Usije ukanihurumia ukapunguza pale pa kukunja mashati, wala pale pa saa. Najua baada ya hapo sitakuwa na uso wa kuingia kwenye ule ua wenu, na wanawake watakuwa na la kusimulia wakichambua mboga. Wasimulie. Nilimpaka Mama matope hadharani, siwezi kumsafisha kwa siri.

Wewe binafsi sikuombi unisamehe leo. Nakuomba umpokee kama ulivyomuaga, mtu mwenye akili zake, anayejua kila kitu kilichompata. Usimsemeshe kwa sauti ya juu wala polepole.

Nafunga hapa, mkono umechoka na mwenzangu anataka kufunga begi lake. Kaka yako anakusalimu. Hakuniambia nikusalimu, lakini nilimwona anasimama nyuma yangu anasoma, na alipofika pale nilipoandika kwamba ulilia, alikohoa. Chiriku anawasalimia mapacha na anauliza kama paka ameshazaa. Wasalimie wote, hata watakaokataa salamu zangu.

Mama nilimwendea asubuhi hii, anapanga nguo zake. Nikamwuliza nimwandikie wifi salamu gani kutoka kwake. Akaendelea kukunja mtandio wake, pembe kwa pembe. Akasema salamu zake atakuletea mwenyewe, kwa mdomo wake. Kupitia kwangu mimi hatumi kitu.

Ni mimi,
Wifi yako, mke wa kaka yako.